Mpira wa Matambara Nao ni Mpira

Wazazi wengi wa Mushaki na vijiji vya jirani wametuuliza swali moja kabla ya likizo hii kubwa kuanza. Nalo ndilo hili: je, mtoto asiye na viatu vya mpira aweza kucheza mpira? Wengine huuliza kwa masikitiko, maana mwana wao amewalilia siku tatu akitaka viatu vyenye meno, kama vile alivyoviona miguuni mwa vijana wa Goma. Wengine huuliza kwa hasira kidogo, kwa kuwa kununua viatu hivyo ni kuuza mbuzi, na mbuzi huyo alikuwa amewekwa kwa ajili ya karo ya dada yake wa sekondari. Jibu letu ni fupi: aweza, tena aweza sana. Lakini jibu fupi halimnyamazishi mtoto aliaye, wala halimwongozi mwalimu apangaye mashindano. Kwa hiyo tumeona heri tulieleze jambo hili kwa urefu.

Tutoe mfano tulioushuhudia sisi wenyewe. Katika kijiji kimoja cha milima yetu, ambacho hatutakitaja jina, wakubwa wa michezo walitangaza mashindano ya likizo. Habari ilipokewa kwa shangwe, na timu sita zikajiandikisha. Kisha likaja tangazo la pili: hakuna atakayeingia uwanjani asipokuwa na jezi ya rangi moja na wenzake, pamoja na viatu. Siku ilipofika, zile timu sita zilikuwa zimebaki mbili. Vijana wengine wote waliketi ukingoni pamoja na wadogo zao na mbuzi. Mchezo ukaanza. Ulikuwa mchezo wa adabu, lakini mzito. Kila mchezaji alikimbia kama mtu aliyevaa nguo ya kuazima na kuogopa kuichafua, na kweli jezi nyingi zilikuwa za kuazima. Haikupita nusu saa, tukasikia vifijo nyuma ya mikaratusi. Wale walioachwa walikuwa wamekunja matambara, wameyafunga kwa kamba, wameweka mawe manne kuwa magoli, nao wanacheza. Watazamaji wakaanza kugeuka mmoja mmoja. Mwishowe hata mzee mmoja aliyekuwa amepewa kiti cha heshima alisimama, akakigeuza kiti chake, akaketi tena akitazama mikaratusi.

Hatusimulii hayo ili kuwacheka waliopanga. Nia yao ilikuwa njema: walitaka vijana wetu waonekane kama vijana wa mjini. Lakini hapo hasa ndipo penye ugonjwa. Walipanga mchezo wa kuonekana, wakasahau mchezo wa kuchezwa. Na katika kijiji ambamo watoto wengi hutembea pekupeku, tangazo la viatu si tangazo la utaratibu. Ni mlango uliofungwa.

Mtetezi wa viatu atatuambia kwamba hiyo ndiyo sheria. Ni kweli. Sheria ya nne ya mpira wa miguu huamuru jezi, kaptula, soksi, vikinga vya ugoko na viatu. Sheria ya pili husema mpira uwe na mzunguko wa sentimita 68 hadi 70, na uzito wa gramu 410 hadi 450. Sheria ya kwanza hutaka uwanja wa urefu wa mita 90 hadi 120. Haya basi! Atafutaye Mushaki mita 90 za tambarare atatembea sana, na akizipata atakuta zimekwisha kupandwa viazi. Sheria hizo zilitungwa kwa ajili ya timu zinazosafiri kutoka nchi hata nchi, ili Mkongomani na Mbrazili wakikutana wasigombane juu ya kipimo. Tena kitabu hicho hicho cha sheria chatoa ruhusa: kwa watoto, kwa wazee, kwa wenye ulemavu na kwa michezo ya mashinani, vyama vya mpira vya nchi vyaweza kubadili ukubwa wa uwanja, ukubwa na uzito wa mpira, upana wa goli na muda wa kucheza. Ikiwa wenye sheria wenyewe wamelegeza kamba, mbona sisi wa milimani tuikaze?

Na historia yatuonyesha kwamba mchezo ulitangulia viatu. Mwaka 1949 wachezaji wa Nigeria walisafiri kwa meli hadi Uingereza kupambana na timu za huko. Wengi wao walicheza miguu mitupu, au wamejifunga bandeji tu, na katika mchezo wao wa kwanza waliishinda timu ya Marine, karibu na Liverpool, kwa magoli 5 kwa 2. Mwaka 1960, katika Michezo ya Olimpiki ya Roma, Abebe Bikila wa Ethiopia alikimbia mbio za marathoni, yaani kilomita 42 na zaidi, bila viatu. Viatu alivyopewa havikumkaa vizuri, na miguu yake ilikuwa imezoea njia. Alishinda kwa saa 2, dakika 15 na nukta 16, na hakuna aliyewahi kukimbia mwendo huo upesi zaidi kabla yake. Miaka minne baadaye huko Tokyo alishinda tena, safari hii amevaa viatu. Bikila hakuwa adui wa viatu. Alikuwa mtu asiyengoja viatu vifae ndipo akimbie.

Hapa kwetu Kongo tunaye mtu wa kumkumbuka katika jambo hili, naye ni Padre Raphaël de la Kethulle, Mbelgiji wa shirika la Scheut, ambaye watu wa Léopoldville walimwita Tata Raphaël. Alikuwa mtu wa shule, na aliona mapema kwamba mvulana wa mjini aliyemaliza masomo saa sita mchana na asiye na la kufanya hadi usiku yuko katika hatari. Basi akaanzisha michezo katika viwanja vya shule, akaunda vyama, akajenga viwanja. Kile kikubwa kuliko vyote kilifunguliwa mwaka 1952, nacho leo huitwa kwa jina lake. Ndicho kiwanja ambacho Muhammad Ali alimwangusha George Foreman tarehe 30 Oktoba 1974. Padre huyo alifariki mwaka 1956, wala hakuona timu ya taifa letu ikitwaa kombe la Afrika mwaka 1968 na tena mwaka 1974. Watu humtaja kwa ajili ya kiwanja kile kikubwa cha saruji. Sisi twapenda kumtaja kwa ajili ya vile viwanja vidogo vya vumbi vilivyotangulia, maana pasipo hivyo kile kikubwa kingejengwa kwa ajili ya nani?

Sasa tuje nyumbani. Mgeni afikaye Mushaki akitoka Sake hupanda kwa njia ya kona nyingi, akiliacha ziwa Kivu chini nyuma yake, hata masikio yake hujua kwamba amepanda. Hukuta malisho ya ng'ombe, nyua za miti na nyaya, mikaratusi, mashamba ya maharage na viazi, na ukungu asubuhi. Kitu asichokikuta ni mahali pa sawasawa. Uwanja wetu wa mpira, popote tuuwekapo, una upande wa juu na upande wa chini. Mtu wa mjini huona hiyo ni kasoro. Watoto wetu wameifanya kuwa sehemu ya mchezo, na tumewatazama mara nyingi kwa kustaajabu jinsi walivyojitungia sheria ambazo hakuna kitabu kilichozifundisha.

Kwanza, timu hubadilishana upande mara nyingi, si mara moja tu. Kila goli likifungwa, wa juu hushuka na wa chini hupanda. Pili, aliyeupiga mpira ukateremka bondeni ndiye aufuataye, hata kama ni mwana wa mwalimu. Sheria hii moja yafundisha kiasi kuliko hotuba nyingi, maana mtoto aliyepanda kilima mara mbili na mpira mkononi hujifunza kupiga chini na karibu. Tatu, ng'ombe akiingia uwanjani mchezo husimama, naye hafukuzwi kwa mawe bali hungojwa apite, kwa sababu mwenye ng'ombe ndiye mwenye uwanja. Nne, goli halina mwamba wa juu. Basi urefu wake ni urefu wa mikono ya mlinda mlango akiinyosha, na mlinda mlango akiwa mfupi goli lake nalo huwa fupi. Twawauliza wanasheria wa michezo: je, ni wapi duniani ambapo goli hupimwa kwa mtu alindaye?

Na mpira wenyewe je? Tumewaona watoto wa miaka kumi wakiutengeneza kwa ustadi, lakini wapo wengine, hasa waliokulia mjini, wasiojua, basi tueleze. Chukua kitambaa kizito kidogo, kama kipande cha sweta kuukuu, ukikunje kiwe kama yai. Hicho ndicho moyo wa mpira. Uuzungushie mifuko ya plastiki iliyokwisha kutupwa, mmoja juu ya mwingine, ukivuta kila mmoja mpaka ukaze. Hewa kidogo inayobaki katikati ndiyo iupayo wepesi. Kisha uzungushie vipande vyembamba vya mpira wa ndani wa gurudumu la pikipiki au baiskeli, ambavyo fundi wa njiani huvitupa au hukupa ukimwomba kwa adabu. Hivyo ndivyo viufanyavyo mpira uruke. Mwisho ufunge kwa kamba, ukipitisha kamba kwa njia ya msalaba, kisha tena katikati ya zile njia, hata uwe kama wavu. Pale chini penye migomba, kamba ya mgomba uliokauka yafaa kuliko zote, mradi iloweshwe kwanza ili isikatike. Mpira huu hauwi mviringo kamili. Ukiupiga huenda huku na huku kama mtu aliyechelewa kutoka kilabuni, na mchezaji awezaye kuutuliza mpira wa namna hiyo kwa mguu mtupu hatasumbuliwa na mpira wa dukani siku atakapoupata. Mbrazili Pelé, ambaye watu wengi walimhesabu kuwa mfalme wa mpira, alipokuwa mtoto maskini alicheza kwa soksi iliyojazwa karatasi na matambara.

Hapo tumegusa hoja wanayoileta wazazi wenye matumaini. Wao husema: mwanangu ana kipawa; akicheza na matambara kileleni huku, nani atamwona? Kuna DC Virunga na Dauphin Noir huko Goma. Je, hawataki mtu aliyezoezwa vyema? Twawaheshimu wazazi hao. Ikiwa kijana ana kipawa kweli, siku moja atahitaji viatu, mwalimu wa mchezo na uwanja sawa, na yampasa kusaidiwa. Lakini tuhesabu kwa haki. Katika darasa la watoto hamsini, huenda mmoja ataitwa na timu ya mji, na huenda asiitwe hata mmoja. Je, tuupange mchezo wa wote hamsini kwa ajili ya yule mmoja, tukiwaambia arobaini na tisa waketi ukingoni na kupiga makofi? Shule haifundishi kusoma kwa ajili ya wale tu watakaokuwa maprofesa.

Kuna kidonda kingine kinachofanana na hicho, nacho hakihitaji pesa kukitibu: namna tunavyochagua timu. Kila mwalimu ameona. Manahodha wawili husimama, nao huita mmoja mmoja, wenye nguvu kwanza, hata wabaki wawili au watatu ambao hakuna awatakaye: mnene, mwenye mguu mbovu, yule mgeni asiyejua bado lugha ya wenzake. Husimama pale wakitazama chini. Wengine wao hawarudi tena uwanjani maisha yao yote, hukua wakisema michezo si mambo yao. Twashauri hivi: mwalimu awapange wote kwa mstari, awahesabu moja, mbili, moja, mbili, na wa moja wawe timu, na wa mbili wawe timu. Timu moja ikizidi nguvu mno, abadilishe wawili katikati ya mchezo. Na idadi isiwe mateka ya kumi na mmoja. Wakiwa thelathini, wacheze kumi na watano kwa kumi na watano. Au waweke mipira miwili.

Juu ya miguu mitupu twataka kuweka sharti moja, na hilo tunalisema kwa mkazo. Katika mchezo mmoja wasichanganywe wenye viatu vya meno na wasio na viatu. Tumeona kucha zilizong'olewa na vidole vilivyovunjika kwa sababu hiyo. Mwenye viatu avivue na kuviweka ukingoni, au acheze na wenye viatu wenzake, asijione ameonewa. Kabla ya kucheza, wachezaji wote watembee uwanja mzima wakiokota chupa zilizovunjika, misumari na miiba. Baada ya kucheza, miguu ioshwe kwa maji na sabuni, na kutazamwa kama kuna funza au jeraha. Jeraha la msumari lisidharauliwe, maana pepopunda huingia kwa tundu dogo. Mtoto apelekwe kwenye kituo cha afya siku ile ile.

Kuna jambo zito zaidi juu ya viwanja vyetu. Mwezi wa Februari 2023 vita vilifika Mushaki, na si kwa mara ya kwanza, maana Desemba 2007 pia milima hii ilisikia mizinga. Familia nyingi ziliteremka Sake na kwenda mbele hadi kambi zilizo kando ya Goma, kama Bulengo na Lushagala, zikiwa na godoro, sufuria na watoto mgongoni. Mapigano yalirudi mwishoni mwa mwaka ule ule. Mwanzoni mwa 2025 kambi zile zilivunjwa, na watu wakatakiwa kurudi walikotoka, wengine wakakuta nyumba zao zimebaki nguzo. Basi twawaambia wazazi na walimu: kabla ya kufungua tena uwanja wa zamani, ulizeni wakaaji waliobaki ni nini kilitokea pale. Chuma asichokijua mtoto, kilicholala majanini au nusu kimefukiwa, asikiguse, asikipige teke, asikirushie jiwe. Aweke alama kwa mbali, arudi kwa njia ile ile aliyoijia, amwambie mtu mzima. Mpira ukianguka karibu na kitu cha namna hiyo, uachwe pale pale. Hapo ndipo mpira wa matambara una faida isiyosemwa: hakuna mtoto atakayehatarisha maisha yake kuufuata, maana atatengeneza mwingine kabla ya jua kuchwa.

Na katika kambi zile, penye mawe meusi ya volkeno na mahema yaliyobanana, jambo la kwanza walilolifanya watoto baada ya kupata maji na chakula lilikuwa hilo hilo. Hawakuwa na uwanja. Walicheza katika njia nyembamba kati ya mahema. Hawakuwa na kitu, ila matambara hayakosekani kwa mkimbizi. Mtu mzima aliyeulizwa wakati ule kama michezo ni jambo la kufikiriwa katika taabu kubwa namna ile, angaliweza kujibu kwamba si wakati wake. Watoto hawakumwuliza.

Tumeandika kana kwamba michezo ni mpira, na mpira ni wavulana. Haifai. Twende kwa wasichana, ambao mzigo wao twaujua: wavulana watokapo shuleni hukimbilia uwanjani, wasichana hukimbilia kisima. Mtu akituambia kwamba binti zake hawapendi michezo, sisi humwuliza kwanza nani huteka maji nyumbani mwake. Mvulana akiteka maji siku mbili katika juma, dada yake atacheza siku mbili. Michezo yao wanayo tayari, tena haidai chochote. Kamba ya kuruka ni kamba ya ng'ombe. Huko Kinshasa na Brazzaville wasichana wana mchezo uitwao nzango: wawili hukabiliana, huruka kwa kupiga makofi na kuimba, na kila mmoja hutoa mguu, miguu ikilingana mmoja hupata alama, isipolingana hupata mwenzake. Huo ulikuwa mchezo wa uani mwa shule tu. Leo umepewa mashindano, jezi na waamuzi, na mama watu wazima huucheza kwa ajili ya afya yao. Twawapongeza, ila twaomba, wakati wa kuuandikia sheria, wasije wakamsahau msichana wa uani ambaye aliutunga bila kuwa na kitu.

Hata ule mchezo wa mpira wa kikapu, ambao sasa huonekana ni wa watu warefu na majumba yenye sakafu ya mbao, ulianza kwa umaskini. Mwalimu James Naismith alitakiwa mwaka 1891 huko Springfield, Marekani, atafute mchezo wa kuwatuliza vijana wakati wa baridi. Alichukua mpira wa miguu na vikapu viwili vya kubebea matunda, akavipigilia juu, akaandika sheria 13. Mpira ukiingia kikapuni, mtu alipanda ngazi kuutoa. Wafuma vikapu twanao. Kikapu kilichotoboka chini, ambacho mama amekwisha kukikataa kwa viazi, ndicho hasa kifaacho, wala hakuna haja ya ngazi. Kifungwe kwenye mkaratusi kwa urefu ambao mtoto akiruka haufikii.

Wavulana wadogo nao wana chukudu. Wasomaji wetu wa mbali wajue kwamba chukudu ni chombo cha mti mtupu chenye magurudumu mawili na usukani, ambacho wanaume wa Kivu ya Kaskazini hubebea viazi, makaa na mbao. Mjini Goma tangu mwaka 2009 kuna sanamu yake kubwa ya rangi ya dhahabu. Watoto hujitengenezea vidogo, wakashindana kuteremka. Hatutawakataza, kwa maana hatungesikilizwa. Twasema tu kwamba wateremke malishoni penye nyasi, si katika njia ya Sake, ambamo malori hayawezi kusimama ghafla.

Je, na watu wazima? Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2020 kwamba mtoto ajishughulishe kwa mwili dakika 60 kila siku, na mtu mzima dakika 150 hadi 300 katika juma. Mkulima apandaye kilima na jembe begani atacheka asikiapo hesabu hiyo. Lakini kazi haichekeshi watu pamoja, na mchezo huwachekesha. Dominika moja baada ya Misa, akina baba walikubali kucheza na wana wao, baba upande huu na wana upande ule. Suruali za Dominika zilikunjwa hadi magotini. Mpira wa dukani haukuwapo, viatu viliachwa chini ya mti. Wana walishinda, na wazee wakadai kwamba walikuwa upande wa kupanda muda wote, jambo ambalo kwa kweli halikuwa hivyo. Juma zima lililofuata vijana na wazee walikuwa na neno la kuzungumza walipokutana njiani, na katika miaka hii, ambayo watu wamejifunza kutazamana kwa mashaka na kuulizana mwenzao alikuwa wapi wakati wa vita, hilo si jambo dogo.

Kwa hiyo kwa likizo hii twapendekeza kwa walimu na wakubwa wa vijana kwamba kila kilima kilete wachezaji wake, wawe wangapi iwavyo, pekupeku wote au wenye viatu wote. Timu zitofautishwe kwa jani la mkaratusi lililochomekwa kwenye vazi. Wasichana wapewe saa yao kabla ya wavulana, wakati uwanja haujachimbika. Zawadi isiwe jezi, maana hapo tutakuwa tumerudi tulikotoka. Mkungu wa ndizi au jibini moja la Masisi lakatwa vipande, na washindwa nao hula.

Kila kilima kitengeneze mpira wake siku moja kabla. Tena mkumbuke kwamba kwetu mvua haiombi ruhusa. Mpira wa matambara ukilowa huwa mzito kama jiwe na kuumiza vidole. Usicheze nao mpaka ukauke. Usiuweke karibu na moto, kwa kuwa plastiki iliyo ndani huyeyuka. Utundike chini ya paa mahali penye upepo, na asubuhi zikaze kamba upya, kwa maana zitakuwa zimelegea.